Basi Lililopita Kimya Msibani

Machibya hakujua kusoma, lakini barabara ya kutoka Kisesa kwenda mjini aliijua kwa makalio, kama dereva yeyote aliyeikalia miaka mingi. Hapa pana shimo, hapa lami imevimba, hapa ng'ombe hukatiza jioni. Aliendesha Haisi mpaka macho yakaanza kumdanganya. Siku alipodhani mama aliyebeba mkungu wa ndizi ni watu wawili, alishusha abiria, akamrudishia tajiri ufunguo, akaenda nyumbani kwa miguu.

Madereva hawakumwacha akae. Walimpa kazi ya kupanga zamu pale kituo cha Igoma: gari lipi litoke, lipi lisubiri. Karatasi hakuwa nayo. Alikuwa na filimbi na kichwa chake. Walimheshimu kwa jambo moja, kwamba kwenye foleni hakuwa na ndugu. Mtoto wa kaka yake alichomekea gari siku moja, Machibya akamrudisha nyuma mbele ya watu wote. Kijana akanuna, hakuja kumsalimia mpaka Krismasi ikapita.

Mkewe, Paskazia, Mkerewe wa Nansio, alikuwa akimtania. "Wewe mzee utakufa huna rafiki."

"Nitakuwa na wewe."

Ndivyo alivyodhani.

Kisha mabasi ya umeme yakaja. Mamlaka ya usafiri iligawa njia upya. Barabara kubwa ikapewa kampuni moja yenye mabasi hayo, na Haisi zikasukumwa njia za ndani, za vumbi na mawe. Zamu ikaanza kupangwa na mtambo. Machibya aliitundika filimbi yake ukutani na hakulalamika. Waliolalamika ni wengine. Mihayo, dereva mwenye mdomo, alisema serikali imewapa wenye suti lami na wao imewapa mbuzi wa kuwakwepa.

Mmoja kati yao alifanikiwa kuvuka upande wa mabasi hayo. Aliitwa Deodatus, mtu wa Muleba, aliyefika Mwanza zamani akiwa hana mbele wala nyuma. Machibya alimchukua kuwa konda wake, Paskazia akamlisha. "Mhaya hata akiwa konda lazima achomekee shati," Machibya alikuwa akisema, na Deodatus hujibu, "Na Msukuma hata akipewa Haisi anaiswaga kama ng'ombe." Walikaa hivyo, mtu na baba yake, ingawa hawakuzaliana. Kampuni ilipotafuta madereva, Deodatus alisoma, akafanya mtihani, akapata. Mkewe Kokulinda alichinja kuku wawili, na Paskazia akapewa firigisi kama mama wa nyumba.

Mabasi yale hayakuwa na sauti. Likija, unaliona limeshafika. Watu wa Mwanza wamezoea kuvuka kwa masikio, kwa hiyo mamlaka iliamuru kila basi linapopunguza mwendo litoe mlio, kitu kama kengele ya shule iliyofunikwa na ndoo. Mlio ulikuwa na kitufe karibu na usukani. Sheria ilisema dereva asikiguse. Lakini kitufe kikiwa karibu na mkono wa mtu, na sheria ikiwa mbali, mnajua wenyewe.

Sasa, madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao, ya tangu enzi za magari ya mbao. Mwenzao akifiwa, hakuna anayepiga honi mbele ya nyumba ile, wala kufungulia redio. Dereva anatoa gia, anaacha gari literemke lenyewe polepole. Anashusha kioo, anaweka mkono kifuani, anamtazama mfiwa. Mfiwa akimwona, anainua mkono. Maana yake, pole imefika, nenda. Mpaka ule mkono uinuliwe, dereva hageuzi uso. Kumgeuzia uso mfiwa kabla hajapokea pole yako ni sawa na kumtupia sadaka chini. Kwa Haisi, jambo hilo halikumuumiza mtu. Haisi hata ukiizimia injini inalia milango, inalia viti, inalia bodi yote. Kuku wenyewe huipisha.

Paskazia aliugua kisukari, akapungua, akafa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Asubuhi alimwomba Machibya uji, uji ulipopoa akawa hayupo.

Nyumba yao ipo kwenye mteremko, mlango umetazama barabara. Wakafunga turubai pale mbele, watu wakajaa. Ndugu wa Paskazia walivuka ziwa kwa meli kutoka Nansio, wakiongozwa na kaka yake, Yeremia, na mdogo wake wa kike, Selina. Selina ni mwanamke wa kazi, anauza dagaa mwaloni, soko la samaki ufukweni, na kuzibeba mwenyewe kichwani. Alipofika alilia kidogo, akajifunga kanga kiunoni, akauliza sufuria ziko wapi.

Magari yalipita siku nzima. Hata Haisi za njia za ndani zilitoka huko ziliko, zikaja kupita pale kwa heshima, mwendo wa jongoo, vioo chini. Machibya alikaa kwenye kiti cha mbele na kuinua mkono. Kwa mtu asiye na maneno, kazi ile ilimfaa.

Mchana wa siku iliyotangulia mazishi, katekista alisimama kuomba. Wanaume wakainamisha vichwa. Wanawake walikuwa nyuma, jikoni. Machibya hakuinama. Alikuwa ameshindwa kuomba tangu uji upoe, basi akawa anaangalia barabara.

Akaliona basi la umeme likiteremka. Halikuwa na kengele. Nyuma ya kioo alimtambua Deodatus, amevaa shati la kampuni, mkono kifuani, macho yake yakimtafuta. Yakampata.

Machibya alitakiwa ainue mkono. Lakini alipoliona shati lile alimkumbuka Paskazia akimpigia Deodatus pasi shati la kwanza la kazi, akipuliza majivu ya mkaa, akisema huyu sasa ataoa vizuri hata kama ameshaoa. Akabaki ndani ya kumbukumbu ile, mkono umelala gotini. Deodatus akaendelea kumtazama, akingoja. Basi likateremka.

Selina alikuwa ng'ambo kwa jirani, amekwenda kurudisha sufuria kubwa na kuchukua nyingine. Machibya alimwona, kama mtu anayeota, akisimama ukingoni mwa lami, ameegemeza sufuria begani ikimziba upande basi lilikotoka. Akasikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Akavuka.

Sauti iliyowainua watu kwenye maombi ilikuwa ya sufuria.

Selina hakufa. Alivunjika nyonga na mguu juu ya goti. Dada yake alizikwa Kisesa yeye akiwa hospitali, mguu umefungiwa uzito unaoning'inia, akiwauliza wauguzi kama wameshamshusha.

Mamlaka ilimsimamisha Deodatus, ikasema itasikiliza shauri. Kampuni nayo haikulala. Iliandika maelezo kwamba kengele ilikuwa ikilia, na kwamba mwanamke alirupuka barabarani bila kuangalia. Kamera ya mbele ya basi ilionyesha hivyo hivyo, mwanamke anaingia barabarani, hageuzi shingo. Kamera haikuwa na masikio, na kitufe hakiachi alama. Maelezo yakipita, kosa ni la Selina, na matibabu ni ya Selina na dagaa zake. Yasipopita, Deodatus hataendesha abiria tena.

Mashahidi walikuwepo wa kutosha, ila kila upande ulikuwa na wake. Ndugu walisema hawakusikia kengele. Kampuni ikajibu kwamba walikuwa kwenye maombi na kilio. Mihayo na wenzake, ambao juzi tu walikuwa wakimwita Deodatus mtu wa wenye suti, walisema waliisikia kengele toka kituoni. Mwenzao ni mwenzao. Akabaki mtu mmoja aliyekuwa akiangalia barabara, shemeji wa yule na baba wa huyu. Kila mtu alijua. Kwa hiyo kila mtu alikwenda kwake.

Yeremia alianza. Alikaa, akatazama picha ya dada yake ukutani.

"Shemeji, tulikupa dada mmoja, umemzika. Sina neno, ni Mungu. Huyu wa pili amevunjiwa mlangoni kwako. Nimesikia watu wa magari wanakuja hapa na sukari."

"Sukari wameleta. Ni msiba."

"Ukisimama nao kule kwenye shauri, usivuke tena kuja Nansio. Nakwambia mapema usije ukapoteza nauli."

Machibya akaitikia kwa kichwa. Yeremia akachukua kofia yake.

Deodatus alikuja siku nyingine, saa za jua kali, wakati ambao watu hawatembeleani. Alikuwa amekonda. Shati halikuchomekewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa ukingoni mwa benchi. Wakasikiliza jirani akitwanga.

"Kampuni waliandika wenyewe," Deodatus akasema. "Mimi waliniletea nikatia sahihi. Meneja alisema nisipotia, jela nitaiona na hata hiyo leseni ya pikipiki nitaisahau."

"Wewe ulimwona akirupuka?"

Deodatus alijikuna kiganja.

"Sikumwona kabisa, baba. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Najua."

"Kengele niliizima pale juu kwenye kona. Ningepitaje kwa mama na ile kelele? Yule mama alinilisha. Sikuja kukuomba uongo. Kokulinda ndiye amenituma nije nikuombe. Nimefika hapa nimeshindwa."

"Mwambie umeniomba."

"Utasemaje?"

"Sijui bado."

Na kweli hakujua. Siku zile alikuwa akienda hospitali, anakaa kando ya kitanda cha Selina. Mwanamke yule hakumuuliza chochote kuhusu shauri. Aliuliza kuhusu kaburi, kama wameweka msalaba, kama udongo umeshuka. Mara moja tu alisema, akitazama dari, "Shemeji, hivi nilisahau kusikiliza? Mbona najiona kabisa nimesimama nasikiliza? Au nilikuwa na haraka?" Machibya alimwekea maji karibu na mkono. Alitaka kumwambia. Badala yake akamnyooshea shuka.

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa kata. Mkaguzi wa mamlaka aliitwa Immaculata, mwanamke wa makamo, mtaratibu, aliyeandika kwa mkono wa kushoto na kumwita kila mtu kwa jina lake. Meneja wa kampuni alileta kompyuta, picha ikaonyeshwa. Mwanamke anaingia, sufuria begani, hageuzi shingo. Wakairudia. Yeremia alitoka nje, akarudi macho mekundu.

Mihayo akaulizwa.

"Kengele niliisikia vizuri, mheshimiwa. Mimi na kengele zile ni maadui, siwezi kukosa kuisikia."

"Ulikuwa umbali gani?"

"Umbali wa adui."

Watu wakacheka. Immaculata aliacha wacheke, akaandika, akasema, "Mzee Machibya."

Machibya alisimama, akavua kofia.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Chini ya turubai."

"Uliliona basi?"

"Nililiona."

"Kengele ilikuwa inalia?"

Machibya alimtazama Deodatus, aliyekuwa ameinama akitazama viatu vyake. Alimtazama Yeremia, aliyekuwa ametoa shingo kama mtu anayesubiri kupigwa. Wote wawili walikuwa wamekula kwa mkono wa Paskazia.

"Haikulia," akasema.

Mihayo, kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Mzee macho yalishakwenda, na masikio nayo yanafunga virago."

"Yanafunga, kweli," Machibya akasema, bila kugeuka. "Lakini ile kengele huniamsha hata nikiwa nimelala. Siku ile haikulia. Deodatus aliizima kwa sababu ya msiba wangu. Ni desturi yetu, na Mihayo anaijua. Tulikuwa tukifanya hivyo kwenye Haisi."

"Endelea."

Hakuwa na mazoea ya kuendelea. Aliishika kofia kwa mikono miwili.

"Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anatazama mbele. Dereva akimpa pole mfiwa anangoja mfiwa ainue mkono, ndipo anageuza uso. Mimi nilichelewa kuinua."

"Ulichelewa kwa nini, mzee?"

"Nilikuwa namfikiria mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Immaculata aliweka kalamu mezani kidogo, akaichukua tena.

"Selina hakurupuka," Machibya akamalizia. "Alisimama akasikiliza. Nilimwona. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu yeyote. Sisi ndio tuliokuwa tumenyamaza."

Akakaa.

"Deodatus," mkaguzi akasema, "alivyosema mzee ndivyo?"

Meneja akainuka. "Maelezo ya dereva tuliyowasilisha yanaeleza wazi kwamba..."

"Nimemuuliza yeye, na yuko hapa."

Deodatus alisimama. Alichukua muda mrefu kufika wima, kama mzee kuliko Machibya.

"Ndivyo," akasema.

Uamuzi ulitoka baadaye. Deodatus alifutiwa kibali cha kubeba abiria. Kampuni iliagizwa kumtibu Selina mpaka atakapotembea na kumlipa kazi aliyoikosa, na kuviondoa vitufe vyote vya kengele mahali pa dereva. Tangu hapo basi la umeme haliwezi kunyamaza, hata dereva akitaka. Ukiwa na maiti ndani, linapita linagonga kengele yake.

Hilo madereva hawakulisamehe. Siku ya kumaliza msiba, Machibya aliandaa viti vya watu wa kituoni, vikabaki vitupu. Walikuja ndugu wa Nansio peke yao. Yeremia alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shemeji, umetutoa aibu," akamkalisha karibu yake, akamwekea kipande cha sato chenye kichwa, kama mkubwa wa ukoo. Machibya alikila chote kwa sababu ni vibaya kukataa. Hakikuwa na ladha. Alitamani Yeremia asimshukuru kwa sauti kubwa vile.

Aliposimama barabarani kusubiri Haisi ya ndani, Mihayo alipita, gari halijajaa, hakusimama. Konda alimtazama mzee, akatazama pembeni. Machibya akaenda kwa miguu.

Akakaa na jambo lile. Asubuhi moja alivaa koti, akaenda mjini, mpaka Mirongo, chumba alichopanga Deodatus. Kokulinda alikuwa nje anaosha vyombo. Alimwona kutoka mbali, akaendelea kuosha.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Deodatus yupo?"

"Yupo. Siku hizi ataenda wapi?"

Machibya alitafuta mahali, akaona kigoda karibu na ukuta, akakaa.

"Una shida gani, baba?" Kokulinda akauliza. "Kama ni kumwita akatoe maelezo mengine, ameshayamaliza."

"Sina shida. Nimekuja kukaa."

"Hapa hatujafiwa."

"Najua."

Alisugua sufuria moja muda mrefu kuliko uchafu wake. Mwishowe akasema, bila kuinua macho, "Wewe ndiye uliyemfundisha gari. Ungesema hukuona, baba. Igoma yote wanajua macho yako ni mabovu. Nani angekulaumu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Yule mwanamke alikuwa ameanza kuamini ni kosa lake."

Kokulinda aliacha kusugua. Hakusema ameelewa. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Zikasikika sauti, ya kwake na ya mumewe, kwa Kihaya, haraka haraka, kisha ya kwake peke yake. Deodatus akatoka amevaa fulana ya ndani. Akamwamkia. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mzee.

Walikaa. Mtaa ukaendelea na shughuli zake, mtu anauza sambusa, mtu anagombana na simu. Kokulinda akaleta chai, akampa Machibya kikombe kwa mikono miwili, akarudi kwenye vyombo vyake.

"Kuna mtu wa Sengerema ana lori la mchanga," Deodatus akasema. "Mchanga hauhitaji kibali. Nitakuwa navuka kwa kivuko cha Kamanga kila Jumatatu, narudi Jumamosi."

"Lori la nani?"

"Humjui."

"Breki zake umeziangalia?"

"Bado."

"Ziangalie kwanza."

Deodatus akatingisha kichwa kukubali. Kisha akauliza lile alilokuwa akilizunguka. "Yule mama mdogo anaendeleaje?"

"Wamemtia chuma. Anasimama kwa fimbo, hatua chache. Dagaa kichwani hatabeba tena."

Deodatus alitazama mikono yake.

"Mpe pole yangu."

"Haibebeki," Machibya akasema. "Nenda mwenyewe."

"Nitamwambia nini, baba? Nitaingia pale na kaka yake yupo, nitasimama wapi?"

"Sijui utasimama wapi. Mimi nilipotoka nyumbani leo sikujua kama mkeo atanipa mahali pa kukaa."

Kokulinda, mgongo umewaelekea, akasema, "Kigoda ulichukua mwenyewe."

"Nilichukua."

Deodatus karibu acheke, cheko likaishia puani. Aliinama, akaokota majani ya chai yaliyomwagika, moja moja, akayaweka kwenye kiganja.

"Jumapili wanaruhusu wageni mchana," Kokulinda akasema. "Tutaenda wote. Sisemi kwamba nimefurahi. Nasema tutaenda."

Deodatus hakusema ndiyo. Alikaa na majani yake kiganjani, akimsikiliza mkewe akipanga vyombo, na Machibya naye hakumharakisha.